Chumba cha Taa (7): Ufunguo Mapajani

Wiki iliyopita tulimwacha Swichi ndani ya chumba cha taa, juu kabisa nyuma ya ukumbi wa chuo, ameshika meza kwa mikono miwili asije akaanguka. Ukumbi umejaa. Onyesho la mtihani wa mwisho linaanza. Na mstari wa tatu kutoka mbele, mahali ambapo hakutegemea kumwona mtu wa kwao hata kwa bahati mbaya, amekaa mama yake mzazi, na kando ya mama amekaa shangazi.

Baadhi yenu mmenitumia ujumbe wa ukali. Kwa nini binti asishuke mbio akawatoa nje, mnauliza, ana miguu au hana? Anayo. Lakini taa za onyesho zima ziko chini ya vidole vyake, hakuna mwingine aliyezifanyia mazoezi, na onyesho likikatika kabla ya mwisho darasa lote linarudia mwaka. Mtahini wa nje, mzee wa miwani aliyealikwa kutoka chuo kingine, amekaa mbele kabisa na kalamu yake. Msinigombeze mimi, mimi nasimulia tu.

Na kwa wewe uliyelipata gazeti hili leo likiwa limefungia sabuni, nakupa kwa ufupi.

Swichi anasoma sanaa za maonyesho, mwaka wa mwisho. Alianza na uigizaji, akagundua kwamba akisimama mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Akahamia kwenye historia ya maonyesho, akasoma vinyago na majukwaa ya kale mpaka akawa anayaota. Mwisho akatua kwenye usanifu wa jukwaa na taa, kazi ya kukaa gizani ukiwamulika wenzako, na hapo roho yake ikatulia. Jina la Swichi alilipata huko. Siku hizi hata wahadhiri wamelisahau lile la nyumbani.

Balaa lilianza mwaka wa kwanza, bado yuko kwenye uigizaji. Mhadhiri wao, mtu mpole mwenye sauti ya chini, aliwakalisha sakafuni kwa duara na kumtaka kila mmoja alete jambo ambalo hajawahi kumwambia mtu. Kinachosemwa humu kinabaki humu, alisema. Wenzake wakaleta vijambo vya kuchekesha, mmoja aliwahi kudokoa pochi ya bibi, mwingine alimdanganya mchumba. Swichi akaleta la kweli.

Akawaambia kwamba siku baba yake alipokufa, alifika nyumbani. Ukoo mzima unajua kwamba hakufika. Unajua kwamba lori lilimgonga njia panda akitoka kazini, basi. Lakini baba alifika, alasiri, mvua inapiga mabati mpaka mtu hasikii sauti yake mwenyewe, akagonga mlango, na mama alikuwa ndani. Hakufungua. Baba akagonga, akagonga, akaondoka na mvua yake, na huko njia panda ndiko lori lilikompitia. Swichi alikuwa na miaka sita, amejificha chini ya meza.

Mama hajawahi kulitaja jambo hilo. Swichi hajawahi kuliuliza. Na shangazi, dada yake baba wa tumbo moja, hajui lolote. Tangu msiba ule yeye na mama wamekuwa kama pete na kidole, wanasukana nywele, wanagombana juu ya chumvi, wanapatana kabla ya kuosha vyombo. Shangazi akijua, mama atakuwa amempoteza mtu pekee aliyebaki naye duniani. Hicho ndicho alichokiogopa Swichi, si alama za mtihani.

Nani basi aliyelitoa jambo kwenye duara na kulipeleka jukwaani? Ni Kofia, mwanafunzi mwenzao wa uongozaji, kijana ambaye hajawahi kuonekana kichwa wazi. Alilikumbuka, akamwomba Swichi ruhusa, na Swichi akakubali. Ndiyo, alikubali, msikunje sura. Alijua wa kwao hawaji. Mama hapendi mikusanyiko, hata harusini hukaa karibu na mlango. Ila Swichi alisahau kwamba chuo huwatumia wazazi ujumbe wa mwaliko kwenye simu, na simu ya mama husomwa na shangazi.

Haya. Taa zimewaka, twende.

Jukwaani ilitokea sebule. Watu wakashusha pumzi kwa kuipenda. Swichi alikuwa ameijenga kwa mkono wake na kupewa alama za juu kuliko wote. Pazia la mistari ya bluu limepindwa kwa uzi mweupe, kwa sababu uzi wa bluu uliisha. Mlango mmoja wa kabati umefungwa kwa kamba ya kiatu. Kiti cha mama kina mkono uliotengenezwa upya kwa kipande cha tairi. Juu ya meza kuna kitambaa cha plastiki kinachoning'inia karibu na sakafu, na chini ya meza inawaka taa ndogo, kama ya kusomea. Taa hiyo ndiyo mtoto. Hakuna mtoto aliyechukuliwa kuigiza. Swichi alipendekeza mwanga mdogo ukae pale chini mwanzo hadi mwisho, na mhadhiri akasema katika miaka yake yote ya kufundisha hajaona wazo zuri kama hilo.

Ndani ya chumba cha taa kuna spika inayoleta sauti kutoka jukwaani, na shangazi hana sauti ya kunong'ona. Ikapanda mpaka juu, safi kabisa.

"Wifi, hebu tazama. Si kabati lako lile? Hata kamba ya kiatu kaiweka. Mtoto katupamba huyu."

Akacheka, akampiga wifi yake begani kwa furaha. Watu wa mstari wa pili wakageuka. Mama hakugeuka. Kutoka kule juu Swichi aliona kisogo tu, kitambaa cha kichwa kilichofungwa vizuri na shingo iliyonyooka. Angetoa chochote auone uso.

Akanyakua redio ya mkononi na kumwita Kofia, ambaye wakati wa onyesho hujificha nyuma ya kabati kuwanong'onezea waigizaji. Akamwambia sehemu ya mlango iondolewe, waruke waende sehemu ya pili. Kofia akadhani anatania. Sehemu ya mlango ndiyo mchezo wenyewe, alisema, bila mlango wamebaki na watu wanaokunja nguo. Halafu akamkumbusha kwamba ruhusa aliitoa mwenyewe.

"Ulisema wa kwenu hawaji," Kofia alisema.

"Wamekuja."

Jukwaani, Machozi, binti anayeigiza mama, alikuwa anapiga pasi na kuimba kidogo. Tunamwita Machozi kwa sababu hulia akitakiwa, upande wowote wa uso unaoutaka.

"Nani kaja?"

"Mama. Na shangazi. Na shangazi hajui kama baba alifika."

Nimemsema Kofia sana katika sura zilizopita, leo nampa haki yake. Hakubishana. Alifikiri haraka, na jibu lilipokuja lilikuwa la mtu mwenye akili. Anayeigiza baba amesimama nyuma ya mlango wa jukwaani, kwenye jukwaa dogo la mbao, haoni kitu. Ishara yake ni taa. Mwanga wa alasiri ukigeuka kijivu na sauti ya mvua ikaanza, ndipo hugonga. Vyote viwili, mwanga na mvua, viko kwenye kitufe kimoja, na kitufe kiko kwa Swichi.

"Usitoe mvua," Kofia akasema. "Usipotoa mvua, baba hagongi. Machozi nitamwambia aondoke kupitia jikoni kimyakimya, mimi naingiza sehemu ya pili. Mtahini hajui mchezo wetu unakwendaje."

Swichi akavuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu pazia lifunguliwe. Akaondoa mikono mezani, akaiweka mapajani mbali na vitufe. Jambo dogo tu. Kutofanya kitu. Nani hawezi?

Hapo mlango wa chumba cha taa ukafunguliwa, na mhadhiri akaingia.

Alikuja kwa wema, na hilo ndilo linaloniuma. Alikuwa amekaa karibu na mtahini, akasikia yule mzee akisifia sebule, akashindwa kukaa. Akapanda ngazi zote zile kumletea mwanafunzi wake habari njema. Akanyata, akavuta kiti kidogo, akainama na kumnong'oneza kwamba mtahini hajaandika neno baya hata moja. Mkononi alikuwa na nakala ya mchezo.

"Mwalimu, naomba nikwambie kitu."

Mhadhiri akaweka kidole mdomoni. Ni sheria yake mwenyewe, ameifundisha miaka mingi, kwamba chumbani mwa taa onyesho likianza hapazungumzwi lolote ila taa. Swichi akajaribu tena. Akasema ni jambo la nyumbani, mama yake yuko pale chini. Mhadhiri, ambaye amesikia siri za maduara mengi na kuzisahau, akatabasamu na kutikisa kichwa, akafurahi kusikia mzazi amekuja, akamwonyesha kwa mkono kwamba watazungumza baadaye.

Jukwaani Machozi alikuwa ameshanong'onezwa. Mtu aliyemzoea angeona shingo yake ikikakamaa kidogo upande wa kabati. Akamaliza kupiga pasi. Akakunja nguo, akaziweka. Lakini kutoka jukwaani si sawa na kutoka chumbani kwako, lazima uwe na sababu, na Machozi akawa anaitafuta. Akazikunjua zile nguo, akazikunja upya. Akapangusa meza isiyo na vumbi. Ukumbini watu wakaanza kukohoa na kujigeuza vitini.

Mhadhiri akafungua nakala yake, akatafuta mstari kwa kidole. Akautazama ukumbi. Kisha akamtazama Swichi, mikono mapajani, jasho kwenye paji la uso, macho yamemtoka.

Sasa mjue kwamba mhadhiri huyu alimwona Swichi mwaka wa kwanza akiganda jukwaani, hasemi, hatoki, mpaka yeye mwenyewe akapanda kumshika mkono na kumtoa. Alidhani anaona jambo lilelile. Alidhani hofu imemrudia mtoto wa watu siku ya mtihani, na kwamba yeye akikaa kimya Swichi atafeli mbele yake.

"Usiogope," alinong'ona. "Niko hapa."

Akanyoosha mkono juu ya mabega ya Swichi na kubonyeza kitufe.

Mwanga ukageuka kijivu. Mvua ikaanza kupiga mabati. Na nyuma ya mlango, yule anayeigiza baba, ambaye hakuwa na redio na hakuna aliyemwambia kitu, akagonga.

Swichi alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyagwa mguu. Mhadhiri akamgusa bega kumpa pole, akaona amemwokoa.

Redioni Kofia alikuwa anauliza nini kimetokea, nani katoa mvua, mara nne za kuuliza na hakuna wa kumjibu. Machozi naye alisimama katikati ya sebule na rundo la nguo. Msimlaumu. Miezi miwili ya mazoezi, mlango ukigongwa yeye huenda kwenye kiti, hukaa, huingiza mkono mfukoni, hutoa ufunguo na kuulaza mapajani. Mwili wake ukaenda wenyewe. Akaketi. Ufunguo mkubwa wenye utepe mwekundu ukalala kwenye mapaja yake, na Swichi, kwa mazoea ya kazi, alikuwa ameulengea taa yake peke yake tangu wiki ya kwanza ya mazoezi. Ukang'aa ukumbi mzima ukauona.

Huo ufunguo una habari yake. Katika mazoezi ya mwanzo haukuwepo. Machozi alikuwa anakaa tu kitini, na mlango unagongwa. Ndipo mhadhiri akasimamisha mazoezi na kuuliza swali zuri la kiualimu. Mtazamaji atajuaje kwamba huyu mama amekataa kufungua? Labda ameshindwa. Nionyesheni uamuzi wake, alisema, nipeni kitu ninachoweza kukiona nikiwa kiti cha nyuma. Swichi ndiye aliyekuwa anahusika na vifaa. Asubuhi yake akaja na ufunguo, akaufunga utepe, akaulaza mapajani mwa Machozi, na darasa zima likapiga makofi.

Kusema kweli, mtoto aliyejificha nyuma ya kitambaa kile kirefu aliona miguu tu. Miguu ya mama mlangoni, halafu miguu ya mama mbele ya kiti, imetulia, na mlango unagongwa. Basi. Lakini mtu akitazama kitu kimoja kila siku kwa miezi miwili, chini ya taa aliyoiweka mwenyewe, kinaingia kichwani na kujitafutia mahali. Ungemwamsha Swichi usingizini ungemkuta yuko tayari kuapa kwamba ufunguo ule aliuona kwa macho yake, alasiri ile, mapajani mwa mama.

Jukwaani baba akagonga tena. Akaita jina la nyumbani la mkewe, akasema amelowa. Machozi akautazama ufunguo na chozi likamshuka upande wa kushoto, upande wa watazamaji. Mlango ukagongwa mara ya mwisho, taratibu, kwa kiganja. Nyayo zikaondoka. Mvua. Halafu, kutoka spika za pembeni, breki za gari kubwa.

Shangazi alikuwa ameacha kucheka muda mrefu.

Kwanza aliinamia mbele. Kisha akakaa wima. Swichi alimwona akigeuza kichwa kumtazama mama, akirudi kutazama jukwaa, akigeuza tena. Na sauti yake, ile isiyojua kunong'ona, ikaja kwenye spika ikiwa na ugeni ndani yake.

"Wifi. Hii ni nini?"

Mama aliendelea kutazama jukwaa.

"Niliuliza msibani," shangazi akasema. "Niliuliza watu wote. Kwa nini kaka yangu amekutwa ameelekea kwangu, wakati kazini kwake ni upande mwingine? Hakuna aliyenijibu. Wewe ulikuwa umekaa pale, wifi. Ulinisikia nikiuliza."

Watu waliokuwa karibu walidhani shangazi amepandikizwa, ni mwigizaji amekaa miongoni mwao. Siku hizi maonyesho hufanya hivyo. Mtahini alikwishageuka kitini, anaandika haraka haraka.

Hapo Swichi akaamua. Juu ya meza ya taa kuna swichi kubwa nyekundu inayozima kila kitu, ukumbi na jukwaa. Alijua nini kitafuata. Darasa litarudia mwaka, Kofia hatamsamehe, na yule aliyeko nyuma ya mlango amesimama juu ya mbao zisizo na kingo na akianguka gizani atavunjika. Alifikiri yote hayo na kidole chake kikaenda. Mhadhiri akamdaka mkono.

"Unafanya nini? Bado sehemu ya pili."

"Mwalimu, yule ni mama yangu."

"Yupi?"

Swichi akaonyesha. Na kumbe hakukuwa na haja, maana mstari wa tatu mama alikuwa amesimama, na ukumbi mzima ulikuwa unamtazama.

Alitoka kwenye mstari akiomba radhi kwa kila goti alilolipita. Swichi aliomba aelekee mlango wa kutokea. Moyoni alikuwa anamsukuma, nenda mama, nenda, nitakuja kupiga magoti nyumbani. Mama alipofika kwenye njia ya katikati alisimama kidogo kama mtu anayekumbuka kitu alichokisahau. Akageukia jukwaa. Akapanda ngazi zake tatu akishika pindo la gauni, akaingia kwenye sebule yake.

Redioni sauti ya Kofia ilikuwa nyembamba. "Swichi, nani huyu? Huyu ni nani?"

Machozi alifanya alilofundishwa, akabaki mhusika. Hakuinuka kitini. Mama akasimama mbele yake, akamtazama kwa upole kama anavyotazamwa mgeni aliyekaa kwenye kiti kibaya, akanyoosha mkono. Machozi akampa ufunguo. Mama akaupima uzito, akaona utepe, na kwa mara ya kwanza akageuka kuwakabili watu, na Swichi akauona uso.

Haukuwa na hasira. Ingekuwa hasira Swichi angeijulia la kufanya.

"Mnisamehe," mama aliwaambia watazamaji. "Mimi si mwigizaji. Lakini chumba hiki ni changu, na ufunguo huu haukuwa hapa." Akagusa mapaja ya Machozi kwa ncha ya kidole. "Haukuwa kwangu. Ningekuwa nao ningefungua."

Mhadhiri alikuwa amesimama, pua karibu na kioo cha chumba cha taa. Akanong'ona kwamba hili hawakumwambia, na kwamba ni zuri sana. Halafu akamtazama Swichi vizuri usoni. Akaketi. Akauachia mkono wake.

Mama hakuwa anazungumza na ukumbi tena. Alizungumza na kiti kimoja cha mstari wa tatu.

"Niliutafuta, wifi. Nilipindua godoro, nilimwaga unga. Yeye anagonga, mimi natafuta. Madirishani kuna nondo, hata mkono haupiti vizuri. Nikaweka mdomo kwenye kitasa nikamwambia aje kwako achukue ule ufunguo wa pili. Halafu nikakaa kitini nimsubiri." Akaugeuza ufunguo kiganjani. "Mimi ndiye niliyemtuma njiani. Nililificha kwa sababu nilijua utauliza."

Mvua ya Swichi iliendelea kupiga mabati yasiyokuwepo.

Shangazi akasimama. Aliongea taratibu, kama mtu anayepita gizani akipapasa ukuta.

"Ufunguo wa nyumba ile ulikaa kitasani siku zote, wifi. Mchana kutwa. Mimi mwenyewe nilikuwa nakusema, iko siku utaibiwa. Siku ile ufunguo ulikuwa wapi?"

Mama alikuwa tayari kujibu mengine yote, hilo hakuwa tayari. Lakini macho hayaulizi ruhusa. Macho yake yakashuka, kidogo tu, yakaenda kwenye meza, kwenye kile kitambaa cha plastiki na mwanga mdogo uliokuwa unavuja chini yake. Kisha akayanyanyua haraka na kuyapeleka juu, moja kwa moja, nyuma ya ukumbi, kwenye kioo.

Na Swichi akakumbuka baridi.

Si ya mvua. Baridi ya chuma chini ya paja. Alikuwa anacheza nyumba yake chini ya meza, na nyumba lazima iwe na ufunguo, basi akauchomoa ule wa kitasani. Kisha mama akaanza kupekua na kupaza sauti, na mtoto akaogopa kupigwa, akaukalia. Akaukalia mpaka mlango ukaacha kugongwa. Miaka yote hii mama amebeba lile swali la shangazi la msibani, amekaa harusini karibu na mlango, ili mtoto mmoja asije akakumbuka baridi hiyo.

Swichi alitaka kulia na hakuweza. Alitaka kuita na kioo kilikuwa kinene, na redio ilifika kwa Kofia tu. Spika ikamletea sauti ya mama, ya chini kabisa, sauti ya kumlaza mtoto.

"Zima taa, mwanangu. Ile ndogo."

Tangu pazia lifunguliwe alikuwa akilitafuta giza. Amelibembeleza, amelikosa, amenyang'anywa. Sasa ameombwa alilete, na mhadhiri hamzuii tena, na kitufe cha taa ndogo kiko pale pale mbele ya kidole chake cha shahada. Akakitazama. Mkono ukabaki juu ya meza kama mkono wa mtu mwingine.

Shangazi, aliyeyafuata macho ya wifi yake, alikuwa ameshapanda ngazi. Alimpita wifi yake bila kumgusa, akampita Machozi, akafika kwenye meza na kuinama kwa shida, mkono mmoja kiunoni. Akashika pindo la kitambaa, akalinyanyua. Mwanga ukampiga usoni. Aliutazama kwa muda mrefu, peke yake pale chini, kisha, bado ameinama, akageuza kichwa na kutazama juu, kwenye kioo.